Mkato wa Shangazi Eufémia

Norfolk, Uingereza
4 Oktoba 2003

Shangazi Eufémia,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele, na paka hajaleta panya mwingine kitandani. Mimi mwilini sijambo. Kiwandani wametupa glavu mpya, kwa hiyo vidole havigandi tena ninapokata kuku. Mwambie jirani yako Zulmira soseji zake zilifika salama, na harufu ilizitangulia. Mleta barua aliniuliza ndani kuna nini. Ningekupigia simu, lakini najua masikio yako yamegoma, na haya ninayotaka kusema hayapigiwi kelele.

Jacinta wamemchukua.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana nisipofanya hivyo nitaanza kulia na karatasi italowa. Alianza kukohoa Jumapili. Jumatatu nikampeleka kwa daktari. Akauliza mtoto anasumbuliwa na nini, nikamjibu kwa Kiingereza, tena kwa kujiamini, kwa sababu ulinikataza kujibu watu kwa kutikisa kichwa. Nikasema ni constipated. Kwetu mtu akiwa constipado ana mafua yamembana. Kwao ni mtu aliyefunga choo. Shangazi, neno hilo ulituandikia ubaoni, nakumbuka hata chaki ilikuwa ya njano, na bado lilinitoka. Akamminyaminya tumbo, akanipa dawa ya kulainisha choo. Nikamnywesha siku tatu, mwanangu wa miaka minne, huku kifua kinazidi kujaa.

Alhamisi nilikwenda kazini. Ningekosa siku nyingine wangenifukuza. Nilimwacha na Maureen wa ghorofa ya juu, ambaye hunilelea kila siku. Maureen akatoka kununua sigara, akakutana na watu wake, akanogewa. Mpangaji wa pembeni akasikia mtoto anavyokoroma kupitia ukutani, akaita gari la wagonjwa. Yalikuwa mapafu. Alilazwa siku tisa, kisha watu wa ustawi wa jamii wakamchukua. Na Maureen sasa anasema siku hiyo sikumwachia mtoto, yeye hajui lolote.

Yuko kwa familia nyingine. Watu wema, wanasema, na wana mbwa. Namwona kwa muda wa saa moja Jumanne na saa moja Ijumaa, na mama wa ustawi wa jamii, Bi. Hallam, anakaa kwenye kona anaandika. Ameniambia niandike barua kwa hakimu, kwa mkono wangu na kwa maneno yangu: nini kilitokea, na nataka nini. Ningeweza kuandika Kireno wakaitafsiri. Lakini wewe ulikuwa ukituambia kwamba ukimsemesha mtu kwa lugha yake, hata kama hakupendi, atakuvutia kiti. Kwa hiyo nimeandika Kiingereza. Imo humu ndani. Nisahihishie. Usinionee huruma, nisahihishie kama mtihani.

Sina mtu mwingine wa kumwomba.

Ilda


Mogadouro, Ureno
13 Oktoba 2003

Ilda, binti wa kaka yangu,

Goti lipo, paka yupo, nami nipo. Zeituni mwaka huu ni chache na zina vidudu. Zulmira ananijia kila saa kuangalia kama nimezima jiko. Nimelizima. Iliungua sufuria moja tu, tena ya zamani, na mtu angedhani nimechoma mtaa mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nililia. Hilo umeshalijua, tuendelee na kazi.

Kwanza, mikato. Sisi Wareno tunaimwaga mikato kama chumvi kwenye samaki. Mwingereza hauweki pale anapovuta pumzi, anauweka pale maana inapoudai. Nimekufutia kumi na mmoja. Pili, maneno. Umeandika want mara sita. Want ni neno la sokoni, mtu anataka viazi. Mbele ya hakimu mtu hataki, anakusudia. Kwa hiyo pale mwisho, unaposema unataka kuishi na binti yako na kumtunza, nimekuwekea neno lenye suti. Tatu, nimekuongezea nevertheless moja na whereas moja, wajue wanaongea na mtu aliyesoma.

Nakili kila kitu kama kilivyo. Usiongeze hata nukta. Andika kwa wino, na kucha ziwe safi, kwa sababu karatasi huwa inasema.

Na usiogope. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika mji ambao Waingereza pekee waliowahi kufika walikuwa wamepotea njia. Unaikumbuka ile orodha niliyoibandika ukutani darasani, juu ya kichwa chako? Ndugu wa Uongo, niliiita, yale maneno yao yanayofanana na yetu sura halafu yana tabia nyingine kabisa. Mwanafunzi aliyechanganya hata moja alirudi nyumbani na sifuri. Umechanganya moja kwa daktari, na adhabu uliyopata inazidi sifuri zangu zote. Mengine hatutachanganya.

Jacinta ana koti la baridi? Ninalo la sufu, nitamtumia.

Mpe busu siku ya Jumanne, na jingine Ijumaa. Na uniambie kama ana koti.

Shangazi yako,
Eufémia


Norfolk
30 Oktoba 2003

Shangazi,

Salamu zako nimezipata, na koti limefika, kisha baada ya siku mbili likafika la pili, lilelile ila bluu. Jacinta amelivaa jekundu, na la bluu amemvalisha mbwa wa wale watu. Nilicheka, kisha nikaenda chooni nikakaa humo mpaka nilipotulia.

Barua nimeinakili mara tatu. Ya kwanza ilidondokewa na chai, ya pili wino ulichuruzika. Ya tatu ilitoka nzuri mpaka nikaiogopa. Sikuwahi kuandika kitu kizuri hivyo maishani. Bi. Hallam aliisoma palepale, akanitazama juu ya karatasi kwa muda, sikuelewa kwa nini. Halafu akanipa fomu ya kuambatanisha. Kulikuwa na swali: je, kuna mtu aliyekusaidia kuandika barua hii? Nikatia alama kwenye hapana, nikatia sahihi.

Usinigombeze. Walisema maneno yangu mwenyewe, na mimi naona maneno ya shangazi yangu ni yangu.

Kesi ni tarehe 20 Novemba. Wamenipa mwanasheria wa bure, dada mmoja mwenye mafaili mengi, anakosea jina langu lakini ana moyo. Anasema nisitie wasiwasi. Natia.

Zulmira aliniandikia kadi. Anasema sufuria zilizoungua zimekuwa tatu.

Ilda


Mogadouro
9 Desemba 2003

Ilda,

Nikusalimu vipi? Ulisema kesi ni tarehe 20. Leo ni tarehe 9 ya mwezi mwingine, na mleta barua anapita mlangoni kwangu akitazama pembeni kama mtu mwenye deni. Nguruwe wa Zulmira amechinjwa, tumetengeneza soseji siku mbili, nimejikata kidole, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloniingia akilini.

Wamesema nini? Ameshika barua yetu mkononi, huyo hakimu? Aliisoma kimoyomoyo au kwa sauti? Sentensi ya mwisho ilikuwa nzuri, niliisema hapa jikoni na paka akageuka.

Nimeona koti la sufu kabatini, la kijani. Nalituma leo, kwa sababu nadhani mtoto hana koti.

Andika. Hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya, andika.

Eufémia


Norfolk
18 Desemba 2003

Shangazi yangu,

Nisamehe. Nilianza barua nne nikazitupa. Nawatakieni Krismasi njema wewe na Zulmira, na kidole kipone. Koti la kijani limefika. Sasa ana matatu, hatasikia baridi mpaka aolewe.

Haikwenda vizuri. Wameahirisha mpaka Machi, na mtoto anabaki kwa wale watu. Dada mwanasheria anasema Machi ndiyo itakuwa ya mwisho: ama anarudi kwangu, ama wanamtafutia familia ya kudumu, na mimi nitakuwa naandikiwa kadi mara moja kwa mwaka nielezwe amekua kiasi gani. Sijui nikuambie nini zaidi. Kosa ni langu, na naomba usiniulize kuhusu barua.

Jacinta sasa ananijibu kwa Kiingereza. Namwambia kitu kwa lugha yetu, ananitazama kwa adabu, kama anavyomtazama dereva wa basi. Jana nilimwimbia ule wimbo wa kumlalisha, akauliza, huo ni wa nani? Nimeandika hapa ili mtu mwingine alijue, nisiwe nalo peke yangu.

Zulmira ananiambia ulitoka kwenda posta ukarudishwa na polisi kutoka barabara ya mtoni. Ni kweli?

Ilda


Mogadouro
2 Januari 2004

Ilda,

Mwaka mpya umeingia, wenyewe tu, bila kubisha hodi. Barabara ya mtoni nilikwenda kwa hiari yangu, nilitaka kuona mto. Zulmira angeajiriwa na jeshi.

Sasa nisikilize. Umeniambia nisikuulize kuhusu barua. Mtu anayesema usiniulize kuhusu jambo fulani amekwisha kulitaja jina. Miaka thelathini na minne nimekaa mbele ya watoto walioficha karatasi chini ya dawati, na wote walikuwa na sauti hiyo uliyoandikia.

Nirudishie karatasi yangu, ile niliyosahihisha kwa wino mwekundu. Nataka kuiona. Na uniambie waliisoma vipi, neno kwa neno.

Siombi. Mimi ni shangazi yako, na nilikushika siku ya kwanza kabla hata mama yako hajakushika.

Eufémia


Norfolk
15 Januari 2004

Shangazi,

Sikutumii salamu leo, utanisamehe, zingekuwa za uongo. Karatasi yako nimeichoma. Umetaka neno kwa neno, basi haya.

Mwanasheria wa upande wao ni kijana msafi, sauti ya upole. Akashika barua, akasoma mstari wa nne. I did not leave her alone because I love her. Akaniuliza, "Bi. Ilda, hapa unasema hukumwacha peke yake kwa sababu unampenda. Basi ulimwacha peke yake kwa sababu gani?"

Nikamwambia, sikumwacha. Nampenda, ndiyo maana sikumwacha.

Akasema, "Kungekuwa na mkato baada ya alone, ningekuelewa hivyo. Hakuna mkato. Mwenye kuandika hivi anajua kuweka mkato, ameuweka kwingine kote palipostahili."

Halafu akaenda kwenye mstari wa mwisho. I pretend to live with my daughter and to care for her. Kwetu pretender ni kukusudia. Kwao, Shangazi, unajua, kwao ni kujifanya. Najifanya kuishi na binti yangu na kumtunza. Alisoma mara moja tu, taratibu, akakaa chini.

Mkalimani wangu, kaka mmoja wa Brazili, alisimama bila kuulizwa akasema kwa lugha yetu neno hilo lina maana nyingine. Hakimu akamshukuru. Ni mama mtu mzima, miwani iko kwenye mnyororo. Akanigeukia mimi. "Barua hii ina nevertheless. Ina whereas. Haina kosa la tahajia hata moja. Unataka niamini kwamba aliyeiandika halijui neno ambalo watoto wa miaka mitatu wanalitumia wakicheza?"

Nilikuwa nimetia sahihi kwamba sikusaidiwa. Nikasema kalamu iliteleza. Akasema kalamu huteleza kwenye herufi, na akaandika kitu. Nikaona hata dada mwanasheria ameacha kunitazama. Sasa mimi ni mama aliyemwacha mtoto, halafu akaandika Kiingereza kizuri kuficha.

Wewe uliandika sawasawa. Mimi ndiye niliyenakili vibaya. Nilikuwa nimetoka zamu, macho yamejaa usingizi, mkono ukaandika ulichozoea. Mkato pia niliuruka mimi. Basi, umeshajua. Usiumie.

Ilda


Mogadouro
26 Januari 2004

Ilda wangu,

Unadanganya vibaya. Ulidanganya vibaya hata ulipokuwa na miaka kumi ukasema mbuzi ndiye aliyekula daftari, na hatukuwa na mbuzi.

Sijawahi kusahihisha kitu bila kukinakili kwanza kama kilivyo, na karatasi ya kaboni chini yake. Ulikuwa hulijui hilo. Nakala yangu niliitafuta siku mbili, droo zote, vitabu vyote, chini ya godoro. Nikaikuta ndani ya jokofu, chini ya siagi. Na hilo naliandika, kwa sababu leo sifichi.

Mkato baada ya alone ulikuwepo. Wako. Uliuweka mwenyewe, mahali pake hasa, na mimi nikaupiga mstari, kwa nguvu, karatasi imekwaruzika. Na kule mwisho uliandika want, neno la sokoni, neno la mtu anayetaka mwanawe. Ningekuachia tungekuwa na mtoto. Nimelikata, na juu yake nimeandika pretend. Mwandiko ni wangu, ile p yangu yenye mkia.

Nilikaa sakafuni. Zulmira alinikuta hapo na hakusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nikaenda shuleni. Mwalimu kijana waliyemweka pale bado ameibandika orodha yangu, imekuwa ya manjano. Ndugu wa Uongo. Neno la kwanza juu kabisa, kabla ya constipated, kabla ya mengine yote, ni hilo. Nililiweka la kwanza kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Watoto mia ngapi nimewapa sifuri kwa neno hilo? Nilisimama pale nikiwa na koti langu, na yule kijana akaniletea kiti.

Sasa nikuambie nililokataa kukuambia. Tangu masika daktari anataka kuniona na mimi nakimbia. Si masikio. Jumatano Zulmira alinipandisha basi mpaka mji wa Bragança. Daktari, binti mdogo, akanitajia maneno matatu, akasema atayauliza tena baada ya dakika tano. Mimi, niliyekuwa nikiwauliza watoto maneno ishirini kila Jumatatu asubuhi. Nilikumbuka moja. Lilikuwa mlango. Mengine mawili sijui yalikwenda wapi, na bado nayatafuta.

Humu ndani utakuta vitu vitatu. Nakala ya kaboni, yenye mwandiko wangu. Orodha ya ukutani, kijana amenipa, ina tarehe ya 1971. Na barua yangu kwa huyo hakimu, inayosema barua ile niliisahihisha mimi, kwamba neno ni langu na mkato niliufuta mimi, kwamba wewe ulidanganya kwenye fomu kwa sababu ya kunionea fahari na ukadanganya mahakamani kwa sababu ya kunionea huruma, na kwamba akili yangu inaniacha. Cheti cha daktari kimeshonwa nyuma. Nimeandika kwa Kireno. Safari hii mtafsiri wao afanye kazi yake.

Najua cheti hicho kitakakofika baada ya hapo. Ofisi ya hapa nayo imepata nakala, na kuna kitanda kwenye nyumba ya wazee. Watu wa mji huu watajua kwamba Mwalimu Eufémia hajui tena siku ya leo. Wajue.

Mpe mwanasheria wako leo hii. Usikae nayo, wewe nakujua.

Shangazi yako


Norfolk
20 Februari 2004

Shangazi,

Nilikaa nayo. Siku kumi. Ulijua, na bado nikafanya.

Nilikuwa nikiisoma barua yako kwa hakimu asubuhi kabla ya kazi, naikunja, nairudisha chini ya mto. Nilisema, siwezi kumchukua mwanamke huyu, aliyenifundisha kushika kalamu, nikampeleka mbele ya wageni wamwangalie akiwa hivyo. Nilisema nitatafuta njia nyingine. Dada mwanasheria alikuwa akinipigia, Ilda, tuna kitu chochote? Nasema hatuna.

Halafu ikaja Ijumaa. Chumba chetu cha kukutania kina zulia lenye barabara zilizochorwa, na jiko la plastiki. Jacinta alivaa koti lako jekundu humo ndani, hakutaka kulivua. Akapanga viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Akaniambia nikae cha nyuma. Yeye akakaa mbele, akashika usukani ambao haupo. Akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo ili Bi. Hallam asisikie: Mummy, let's pretend we are going home.

Shangazi, kwa muda mfupi nilisikia kwa lugha yetu. Tukusudie kwenda nyumbani. Nikainuka kabisa, nikashika mkoba. Kisha likanigeukia, likawa Kiingereza. Alikuwa anasema, tujifanye. Mtoto wangu anajua kwamba haiwezekani, kwa hiyo anaicheza.

Nikakaa. Nikamwuliza, tumefika wapi? Akasema bado, kuna foleni. Tulikaa kwenye foleni hiyo mpaka saa ikaisha. Bi. Hallam aliposimama kutuambia muda umekwisha, niliona kalamu yake imefungwa, karatasi ni tupu.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwanasheria na bahasha yako. Alisoma cheti, akasoma orodha, akaweka mkono mdomoni. Akasema lazima nikiri kwamba nilidanganya, na hilo linaweza kuniangusha. Nimekiri. Kesi ni tarehe 18 Machi. Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya mapafu.

Nisamehe kwa siku kumi.

Ilda


Norfolk
19 Machi 2004

Shangazi,

Jacinta amerudi nyumbani, amelala hapa ninapoandika, amevaa makoti mawili.

Nikueleze upesi. Maureen aliapishwa, akaulizwa siku ile asubuhi alikuwa wapi, akaanza vizuri, kisha akaulizwa sigara alinunua saa ngapi, akalia. Akakubali kwamba nilimwachia mtoto mkononi. Hakimu alinigombeza kwa fomu na kwa ile kalamu iliyoteleza, tena sana, na nilistahili. Halafu akachukua barua yako. Alisema ameona watu wengi wakijisifu mbele yake, na wachache wakijitetea, lakini hajaona mtu akiandika aibu kama hii kwa mkono wake na kuambatanisha ushahidi. Akasema anaiamini kuliko chochote kilichomo kwenye faili. Akauliza kama mwalimu huyu yu hai. Nikasema ndiyo.

Bi. Hallam atakuja kututembelea mara moja kwa wiki mpaka mwisho wa mwaka. Aje. Nitampikia supu.

Zulmira anasema wamekuhamisha Jumatatu na kwamba hukulalamika. Hilo ndilo lililonitisha. Nilalamikie. Tunakuja Agosti kiwanda kikifungwa, mimi na yeye. Tunakusudia, Shangazi. Kwa lugha zote mbili.

Ilda wako


Nyumba ya wazee, Mogadouro
Juni, Zulmira anasema tarehe 11

Ilda, binti wa kaka yangu,

Supu ya hapa haina chumvi, na mwanamke wa kitanda cha pili ananiita mama. Dirisha linatazama milozi. Wameniruhusu kalamu lakini si nyekundu, Zulmira amewaambia kitu.

Wananiambia nimeshakujibu mara kadhaa. Kama ni hivyo, ichukue hii pia.

Nataka ujue inavyokuwa. Mengi yameondoka, na sina uchungu nayo, kwa sababu sijui ni yapi. Lakini kuna moja linabaki. Kila asubuhi nikifumbua macho nakuwa nalijua: Jacinta wamemchukua, na neno ni langu. Nalijua kabla sijajua jina langu. Nalala hapo nikiwa nalo, na sijui cha kufanya, na hakuna wa kumwambia. Kisha nageuza kichwa. Barua yako imebandikwa ukutani, usawa wa macho. Naisoma. Na ndiyo mara ya kwanza nasikia. Muuguzi anasema nalia kila siku saa moja asubuhi, kwa hiyo sasa huja na kitambaa mkononi, hasubiri kuitwa.

Nina ombi la mwalimu. Umeandika Jacinta amerudi nyumbani, halafu ukaweka mkato, ukaendelea na mambo ya kulala na makoti. Kila nikifika kwenye huo mkato moyo unasimama. Nadhani kuna kitu kinakuja nyuma yake, kwamba amerudi, lakini. Niandikie upya kwenye karatasi nyingine. Herufi kubwa, maneno matatu tu. Halafu nukta.

Na uniambie kama ana koti.

Eufémia